Kusoma ili Uandike: Mwongozo wa Usomaji na Uandishi wa Kitaaluma kwa Mwanafunzi wa Chuo

Mwanafunzi anayeingia chuoni hukuta maandishi yamebadilika tabia. Shuleni alipewa kitabu kimoja cha kiada, akakiamini, akakikariri, na mtihani ukampima kwa kiasi alichokumbuka. Chuoni anapewa orodha ya makala na sura za vitabu ambazo waandishi wake hawakubaliani, kisha anaulizwa yeye mwenyewe ana msimamo gani na anautetea kwa ushahidi upi. Wengi hushtuka wanapopata alama ndogo ilhali walisoma kila walichoagizwa. Mara nyingi kinachowaangusha ni kwamba wamezisoma makala siku fulani na kuja kuandika insha siku nyingine kabisa, kana kwamba hizo ni kazi mbili zisizojuana. Mwongozo huu unashikilia wazo moja: kusoma na kuandika kitaaluma ni stadi moja, na insha nzuri huanza kuandikwa siku ile unapofungua makala ya kwanza, ukiwa na swali kichwani na kalamu mkononi.

Lielewe swali kabla ya kufungua kitabu

Soma swali la kazi uliyopewa mara mbili au tatu, kisha litenganishe katika sehemu tatu: kitenzi kinachokuagiza, mada inayohusika, na mipaka ya mada hiyo. Kitenzi ndicho hupuuzwa zaidi, na ndicho kinachoamua umbo la jibu. "Eleza" hukutaka uweke wazi jambo lilivyo na sababu zake. "Linganisha" hukutaka upime mambo mawili au zaidi kwa vigezo vilevile. "Jadili" hukutaka uzisikilize pande mbalimbali kabla ya kufikia msimamo. Na "tathmini" hukutaka utoe hukumu, yaani useme jambo lina uzito kiasi gani na kwa nini. Mwanafunzi aliyeagizwa kutathmini akaishia kueleza anaweza kujaza kurasa kumi zisizo na kosa hata moja la sarufi na bado akawa hajajibu swali.

Tuchukue mfano mmoja ambao tutakwenda nao. Swali linasema: "Tathmini dai kwamba, usiku wa kuamkia mtihani, mwanafunzi anayelala vya kutosha hufaidika kuliko anayekesha akisoma." Kitenzi ni kutathmini. Mada ni uhusiano wa usingizi na kujifunza. Mipaka ni wanafunzi na usiku mmoja tu kabla ya mtihani. Afya ya usingizi kwa jumla haimo. Papo hapo maswali madogo yanajitokeza. Kufaidika kunapimwa kwa alama za kesho yake, au kwa kile kitakachobaki kichwani miezi mitatu baadaye? Anayekesha anasoma jambo jipya, au anarudia alilokwisha kulielewa? Yaandike maswali haya kwenye karatasi na uyaweke mbele yako unaposoma, kwa sababu ndiyo yatakayokuonyesha kipi kinastahili muda wako na kipi cha kupita.

Makala haisomwi kama hadithi

Makala nyingi za utafiti, hasa za sayansi asilia na sayansi za jamii, hufuata mpangilio unaojulikana: ikisiri (muhtasari mfupi wa makala nzima), utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, kisha marejeleo. Mpangilio huo uliwekwa ili msomaji ajue kila kitu kilipo, na ni haki yako kuutumia. Anza na ikisiri. Kisha nenda mwisho wa utangulizi, ambapo kwa kawaida mwandishi hutaja swali lake, halafu usome aya za mwanzo za mjadala, ambapo husema alichogundua. Baada ya dakika kumi na tano hivi utajua kama makala hiyo inagusa swali lako. Kama haigusi, iweke kando bila majuto. Kama inagusa, irudie tangu mwanzo, polepole, ukikaza macho kwenye mbinu na matokeo, maana humo ndimo utakapoona kama dai la mwandishi linabebwa na ushahidi wake au limemzidi uzito. Kitabu nacho huingiwa kwa njia ya kufanana na hiyo: yaliyomo, utangulizi, sura ya mwisho, na faharasa, ambayo itakupeleka moja kwa moja kwenye kurasa zinazoitaja dhana unayoitafuta.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Francis Robinson, alieleza mwaka 1946 utaratibu wa hatua tano ambao hadi leo unafundishwa katika vyuo vingi: kupitia maandishi kwa haraka, kujiuliza maswali, kusoma ukitafuta majibu, kujisimulia ulichosoma bila kutazama, na kurejea. Hatua ya nne ndiyo wanafunzi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko nyingine zote. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha matokeo ya majaribio ambayo ndani yake baadhi ya wanafunzi walikisoma kifungu na kukirudia, na wengine wakakisoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojizoeza kukumbuka waliwapita wenzao. Hapo ndipo unapoonekana udanganyifu wa kalamu ya rangi. Kurasa zilizopigwa mistari ya njano na kusomwa mara ya tatu hutupa hisia ya kuelewa, na hisia hiyo hutoweka tunapokaa mbele ya karatasi tupu.

Kwa hiyo, kila umalizapo sehemu moja ya makala, ifunge na uandike sentensi tatu au nne za kile mwandishi alichosema, kwa maneno yako. Ukikwama, rudi usome tena pale tu ulipokwama. Zoezi hili huchosha mwanzoni na hupunguza idadi ya kurasa unazoweza kumaliza kwa siku. Hasara hiyo ikubali: makala mbili zilizosomwa hivi zitakusaidia katika insha kuliko makala saba ambazo macho yalizipitia na akili ikabaki nje.

Istilahi ngumu zisikusimamishe kila mstari. Lizungushie duara neno usilolijua, endelea hadi mwisho wa aya, kisha ujiulize kama aya ilieleweka bila neno hilo. Linalorudi mara ya pili au ya tatu lina uzito katika hoja, na hilo ndilo la kutafutiwa maana, ikiwezekana katika kamusi ya taaluma husika, kwa kuwa neno la kawaida linaweza kuwa na maana mahususi ndani ya somo fulani. Anayesoma kwa Kiingereza atanufaika na orodha ya msamiati wa kitaaluma iliyoandaliwa na Averil Coxhead na kuchapishwa mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) yanayojirudia katika taaluma nyingi. Kuyajua hayo hupunguza mzigo kuliko kufukuzana na kila neno geni. Na ikiwa unasoma kwa lugha moja na kufikiri kwa nyingine, usione aibu kuandika muhtasari wako wa kwanza kwa lugha unayoimudu zaidi. Dhana uliyoweza kuieleza kwa lugha yako umeielewa kweli, ilhali sentensi uliyoinakili kwa lugha usiyoimudu vizuri inaweza kukaa daftarini mwaka mzima bila kukufunza chochote.

Baada ya kuelewa makala inasema nini, ihoji. Dai lake kuu ni lipi? Linasimama juu ya ushahidi gani? Katika mfano wetu: waliochunguzwa walikuwa wangapi, na walikuwa wanafunzi kweli au watu wa namna nyingine? Walikeshezwa maabara kwa makusudi, au waliulizwa tu walilala saa ngapi? Tofauti hiyo ni kubwa. Kama waliulizwa tu, inawezekana kwamba wale wanaolala vizuri ndio haohao wanaojipangia masomo mapema, na alama zao nzuri zimetokana na mpango wao zaidi ya usingizi wao. Msomaji anayeuliza hivi hajamkosea heshima mwandishi. Amempa heshima ya kumchukulia kwa uzito.

Daftari linalotenga sauti

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu insha nyingi huharibika katika hatua hii, wiki kadhaa kabla ya kuandikwa. Mwanafunzi husoma na kuandika anachokutana nacho bila kuonyesha kipi ni maneno ya mwandishi, kipi ni muhtasari wake mwenyewe, na kipi ni wazo lililomjia yeye. Mwezi mmoja baadaye anafungua daftari na hawezi tena kutofautisha. Anachukua sentensi akidhani ni yake, kumbe aliinakili neno kwa neno, na bila nia mbaya yoyote anajikuta ametenda wizi wa kitaaluma.

Dawa yake ni nidhamu ya alama. Juu ya kila ukurasa andika jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala na mahali ilipochapishwa, kabla hujaandika kitu kingine chochote. Maneno yaliyonakiliwa yaweke ndani ya alama za mtajo, pamoja na namba ya ukurasa. Muhtasari kwa maneno yako utangulize kwa herufi ya kwanza ya jina la mwandishi. Mawazo yako mwenyewe yaandike kwa wino wa rangi nyingine, au yaanze na neno "Mimi". Walter Pauk, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alibuni katika miaka ya 1950 ukurasa wa maelezo unaogawanywa sehemu tatu: safu pana upande wa kulia kwa maelezo yenyewe, safu nyembamba upande wa kushoto kwa maswali na maneno ya msingi, na nafasi chini kwa muhtasari mfupi. Ukurasa huo unafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu safu ya kushoto inaweza kuwa makazi ya sauti yako.

Tuone inavyokuwa. Tuseme makala imeandika sentensi hii, ambayo nimeitunga kwa ajili ya mfano: "Wakati wa usingizi ubongo huimarisha kumbukumbu zilizopatikana mchana, hivyo anayekatisha usingizi wake hupoteza sehemu ya alichojifunza." Mwanafunzi mmoja anaandika: "Wakati wa kulala ubongo hutia nguvu kumbukumbu zilizopatikana mchana, kwa hiyo mtu anayekatisha usingizi hupoteza baadhi ya aliyojifunza." Amebadilisha maneno manne au matano na kuacha mifupa yote ya sentensi pale ilipokuwa, huko ni kunakili kulikovaa nguo nyingine. Mwingine anafunga makala, anafikiri, kisha anaandika: "Kwa mujibu wa mwandishi huyu, kujifunza hakuishii pale kitabu kinapofungwa, yaliyosomwa huendelea kuota mizizi mtu akiwa amelala, ndiyo maana kukesha kunaweza kumnyima mwanafunzi manufaa ya saa alizokwisha kuzitumia." Huyu ameelewa, na bado atamtaja mwandishi, kwa kuwa maneno ni yake lakini wazo si lake. Katika safu ya kushoto anaongeza: "Mimi: je, hili linamhusu pia ambaye hakuwahi kusoma sura hiyo kabisa? Hana cha kuimarishwa." Mstari huo mmoja wa pembeni ndio mbegu ya insha yake.

Kutoka daftarini hadi rasimu

Usianze kuandika insha kwa kutunga utangulizi. Anza kwa kutafuta dai lako kuu, yaani jibu lako kwa swali katika sentensi moja au mbili. "Insha hii itazungumzia usingizi na kujifunza" ni tangazo tu. Hakuna anayeweza kulipinga wala kulikubali. Linganisha na hili: "Ingawa kukesha kunaweza kumwokoa mwanafunzi ambaye hakuwahi kuigusa sehemu fulani ya somo, kwa aliyekwisha kujiandaa kulala kunafaa zaidi, kwa sababu kinachohitajika usiku huo ni kumbukumbu kutulia kuliko kuongezwa mpya." Dai hili lina upande, lina mipaka, na tayari linatabiri aya zitakazofuata. Angalia pia lilikotoka: limetoka katika ule mstari wa pembeni.

Kisha panga hoja, na upange kwa mambo badala ya kupanga kwa waandishi. Mwanafunzi aliyesoma makala nne huvutwa kuandika aya nne, kila mwandishi na yake, na matokeo yake ni orodha ya mihtasari ambayo ndani yake yeye mwenyewe haonekani. Chukua karatasi, andika maswali yako madogo yale ya mwanzo, na chini ya kila swali weka waandishi wote wanaoligusa: nani wanakubaliana, nani anapinga, na je, wanatofautiana kwa sababu walichunguza vitu tofauti? Kwa njia hiyo waandishi wanaanza kuzungumza wao kwa wao, na wewe ndiye unayeendesha mazungumzo.

Kila aya ibebe hoja moja. Sentensi yake ya kwanza itaje hoja hiyo waziwazi, zinazofuata zilete ushahidi na kuufafanua, na ya mwisho ionyeshe hoja hiyo inalifanyia nini dai lako kuu. Sehemu ya kufafanua ndiyo wengi hukosa: wanaleta nukuu, wanaiacha imesimama peke yake, na kukimbilia nukuu nyingine. Nukuu haijisemei. Msomaji anahitaji kuambiwa kwa nini umeileta na anapaswa kuona nini ndani yake. Kwa ushauri wangu, nukuu ya neno kwa neno itumike tu pale ambapo maneno yenyewe ya mwandishi ndiyo yanayochunguzwa, kama vile fasili ya dhana inayobishaniwa. Penginepo andika kwa maneno yako na umtaje mwenye wazo.

Chagua vitenzi vya kuripoti kwa uangalifu. Kusema mwandishi "anathibitisha" ni kumkubalia. "Anadai" kunaacha mlango wazi. "Anakiri" kunaonyesha jambo linalokwenda kinyume na msimamo wake. "Anapendekeza" kunaashiria kwamba hana hakika kamili. Anayeandika "anasema" kutoka mwanzo hadi mwisho anaificha tathmini yake mwenyewe. Vilevile pima uzito wa sentensi zako. Matokeo ya utafiti mmoja yanaweza "kuashiria" au "kuunga mkono" jambo, na ni mara chache sana yanaweza "kuthibitisha kabisa". Maneno kama "huenda", "inaelekea" na "katika mazingira haya" huonyesha kwamba unajua ushahidi wako unafika wapi na unaishia wapi. Lakini yasirundikwe: sentensi yenye "huenda" mara tatu haisemi kitu.

Kuhusu lugha, urasmi hautafutwi kwa maneno mazito. Sentensi ndefu inaruhusiwa ikiwa msomaji anaweza kuishika kwa pumzi moja na akajua nani ametenda nini, ikishindikana, ikate. Epuka misemo ya mitaani, vifupisho visivyoelezwa na hisia zisizo na ushahidi. Ama kutumia "mimi" au kutoitumia, taaluma zinatofautiana. Soma makala za somo lako uone wanavyofanya.

Urejeleaji nao una mitindo kadhaa, kama vile APA, MLA na Chicago, na kila idara ina mtindo wake. Uulize wako mapema, kisha ufuate kwa ukamilifu hata katika nukta na mikato. Usiukariri, uwe na mwongozo wake pembeni unapoandika.

Kuandika upya

Rasimu ya kwanza andika haraka na uiruhusu iwe mbovu. Kisha iache, angalau kwa usiku mmoja, ili uirudie ukiwa msomaji. Kosa la kawaida ni kuanza kusahihisha tahajia, maana aya uliyoipamba kwa nusu saa huwa vigumu kuifuta hata inapokuwa haihitajiki. Anza na hoja. Njia ninayoiamini ni hii: pembeni mwa kila aya andika kwa maneno yasiyozidi kumi aya hiyo inasema nini, kisha soma maelezo hayo ya pembeni peke yake kutoka juu hadi chini. Utaona papo hapo aya mbili zinazosema jambo moja, aya isiyohusiana na dai kuu, na pengo ambapo hoja imeruka. Ukishindwa kuandika maelezo ya aya fulani, pengine aya hiyo haina hoja. Hapo ndipo pia utangulizi unapoandikwa vizuri, kwa kuwa sasa unajua unatangulia nini.

Baada ya hapo ndipo ushuke kwenye sentensi. Isome insha kwa sauti. Ulimi utakwama mahali ambapo macho yalipita bila kugundua. Mpe mwenzako unayesoma naye, na usimwulize kama ni nzuri, maana atakwambia ni nzuri. Mwombe akueleze kwa maneno yake dai lako ni lipi. Akitaja jambo tofauti na ulilokusudia, kosa lipo kwenye karatasi. Maoni ya mhadhiri kwenye kazi iliyopita nayo yasomwe tena kabla ya kukabidhi kazi mpya. Yale yanayorudi mara mbili yaandike mahali pamoja na uyakague kila mara.

Programu za akili mnemba zinazotunga maandishi zimewafikia wanafunzi wengi, na kila chuo kina kanuni zake kuhusu matumizi yake, ambazo ni wajibu wako kuzijua. Nitaongeza mambo mawili. Programu hizi huweza kubuni marejeleo ya makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikiwa na majina na miaka inayoonekana ya kweli. Na mwanafunzi anayeziachia kazi ya kufupisha makala anazikabidhi zoezi lenyewe ambalo lingemjengea uwezo wa kufikiri. Muhtasari anaupata, uelewa haupati.

Kabla ya kukabidhi, tenga saa moja kwa ukaguzi wa mwisho. Soma tena kitenzi cha swali na utafute mahali hasa ambapo insha imekitimiza. Kisha weka orodha ya marejeleo upande mmoja na insha upande mwingine: kila jina lililotajwa ndani ya insha lazima liwe kwenye orodha, na kila lililo kwenye orodha lazima liwe limetajwa ndani. Mwisho rudi kwenye daftari lenye alama zako, na ukague kila nukuu neno kwa neno, pamoja na namba ya ukurasa ilikotoka.